Bega la Shangazi

Juu ya duka la fundi saa,
Ghorofa ya pili, mlango wa kijani.
Jumamosi, tarehe 9 Novemba, mchana.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Habari za tangu tulipoongea, na vipi kikohozi? Siku ile kwenye simu ulikohoa kila baada ya maneno mawili, halafu ukasema, "Si kitu, si kitu." Ulipokata tu, Mama akasema kikohozi kinachoitwa si kitu ndicho cha kupeleka hospitali. Tafadhali mpe jibu mwenyewe, maana ananihoji mimi kana kwamba tunalala chumba kimoja. Natumaini pia kwamba kazi ya mapokezi hapo hotelini haikuchoshi sana, na kwamba yule meneja wenu anayetembea na kitana mfukoni amekupa zamu za mchana kama alivyoahidi.

Sisi huku hatujambo. Baba amepata miwani mipya, na tangu siku hiyo anaona vumbi hata pale ambapo halipo, na sisi ndio wa kulifuta. Mama anaendelea vizuri na kazi yake ya duka la dawa. Mdogo wangu ameng'oka jino la mbele na sasa akizungumza tunasikia mluzi. Wote wanakusalimu sana.

Mimi mwili hauna neno. Kilichokosa utulivu ni roho. Nimekaa kuandika, nikainuka kufunga dirisha, nikakaa tena, nikainuka kulifungua. Mama ameniangalia akaniuliza, "Kwani umekalia upupu?" Nimemjibu kwamba natafuta kalamu nzuri, na kalamu ilikuwa mkononi. Ukweli ni kwamba Jumatatu asubuhi Mwalimu Mkuu ataniita ofisini aniambie kama darasa langu litaendelea au litafungwa, na leo ndiyo kwanza Jumamosi. Sina mtu wa kumweleza yote kuanzia mwanzo. Halafu mambo yenyewe, Shangazi, yanakuhusu wewe kuliko unavyodhani.

Sijui kama niliwahi kukueleza vizuri kuhusu somo letu la mwendo. Ni maigizo, lakini bila maneno. Tunasimulia kisa kwa miili yetu tu. Hatuna viti, hatuna mapazia, viatu tunaviacha mlangoni. Ukitaka mlango, unaufungua kwa mkono na kwa uzito wa mwili mpaka anayekutazama asikie bawaba zikilia. Nimelisoma somo hili tangu nilipokuwa na umri wa miaka kumi na mbili, na ndilo somo pekee ambalo sijawahi kutazama saa ndani yake.

Muhula huu mwalimu wetu wa mwendo ni mjamzito, na daktari amemwamuru alale kitandani mpaka ajifungue. Mwalimu Mkuu alitaka kipindi hicho apewe mwalimu wa hesabu. Mwalimu wetu akampigia simu kutoka kitandani kwake akamwomba darasa la watoto wa madarasa ya kati nipewe mimi, nilishike lisipoe mpaka atakaporudi. Alijua kwamba kipindi kikishachukuliwa na hesabu hakirudi tena. Mwalimu Mkuu alikubali shingo upande. Alisema ni kwa majaribio, na kwamba nisimletee matatizo.

Unaweza kufikiri furaha yangu. Siku ya kwanza niliingia ukumbini kabla ya wakati, nikasukuma meza za chakula ukutani, nikafagia, nikasimama katikati nimeshika mikono nyuma kama mwalimu. Wakaingia watoto ishirini na sita kwa kelele kama kuku wanaokimbizwa. Wa mbele yao ni mvulana mfupi ambaye wenzake wanamwita Spika, kwa sababu sauti yake hawezi kuipunguza.

"Tukuite nani?" akauliza. "Mwalimu, au dada?"

Nikasema waniite wanavyopenda, jambo ambalo usimwambie kamwe mtoto wa umri huo. Wakajadiliana hapo hapo. Mmoja akasema mwalimu hawezi kuvaa sare ya shule. Mwingine akasema lakini amepewa ufunguo wa ukumbi. Spika akakata shauri: "Basi ni nusu mwalimu." Tangu siku hiyo jina langu ni Nusu. "Nusu, tuvue soksi?" "Nusu, huyu kanikanyaga." Mwanzoni nilikasirika, sasa nikiitwa jina langu halisi nachelewa kuitika.

Shangazi, watoto wa umri huo ni kazi. Mikono na miguu yao imerefuka kabla wao wenyewe hawajaarifiwa. Ukiwaambia wavulana washikane mikono na wasichana, utadhani umewaambia washike moto. Kuna msichana mrefu wanayemwita Ngazi, ambaye alikuwa anatembea amejikunja ili afanane na wenzake. Na ukiwaambia wanyamaze, ndipo wanapokumbuka kila walichotaka kusema tangu asubuhi.

Kitu kimoja tu kiliwatuliza, nacho ni zoezi la kioo. Mimi nasimama mbele, wao wananitazama, na kila ninachofanya wanakifanya pamoja nami, polepole, kama sura yangu ndani ya kioo. Nikiinua mkono, mikono ishirini na sita inainuka. Nikigeuza shingo, shingo zote zinageuka. Ukumbi unakuwa kimya kama maji mtungini. Mwalimu wetu alikuwa analitumia zoezi hili mara chache tu, tena kiongozi akibadilishwa kila mara. Mimi, kwa kuogopa zile kelele, nililifanya kila kipindi, na kiongozi alikuwa mimi tu.

Kwa kutumia kioo niliwafundisha hata kusimama. Usicheke, kusimama kunafundishwa. Sisi tunakuita sifuri. Ni kusimama bila furaha wala uchovu, bila kuwa mzee wala mtoto, ili kutoka hapo uweze kuwa mtu yeyote unayetaka. Nilikuwa nasimama sifuri mbele yao, wao wananiiga, na baada ya wiki kadhaa nikisema tu "Sifuri!" wote wanasimama kwa pamoja kama wamechorwa na mkono mmoja. Nilikuwa najivuna, Shangazi. Nilirudi nyumbani nikiruka ngazi mbili mbili.

Kumbe mambo yalikuwa yanapikwa pembeni. Mama yake Spika ana saluni karibu na shule. Siku moja alimkalisha mwanawe kwenye kiti cha saluni amnyoe, akamtazama kwenye kioo, akaona bega la kushoto liko juu na kichwa kimeinamia upande huo huo. Akamwambia akae sawa. Mtoto akasema amekaa sawa. Akalisukuma bega chini kwa mkono, likapanda tena. Siku ya pili akampeleka kwa daktari. Kwenye foleni akamkuta mama mwingine na binti yake, ambaye ni Ngazi, naye bega liko vile vile. Daktari aliwatazama watoto wale wawili akauliza, "Hawa ni ndugu?"

Mifupa ilionekana haina shida. Lakini habari ikishaingia saluni, unaijua safari yake. Kabla ya juma kwisha wazazi wote walikuwa wanawapima watoto wao mlangoni, na shule nzima ilikuwa inazungumzia ugonjwa wa bega. Mwalimu Mkuu alilaumu kwanza mabegi. Halafu akalaumu madawati, akaitwa seremala aje ayapime, akayakuta yako sawa. Hatimaye mtu akauliza watoto hawa wote wana somo gani moja ambalo wengine hawana.

Jumatano wazazi wakaitwa ukumbini, na Baba akaja kwa niaba yangu. Mimi bado sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Nilidhani nitawaeleza somo letu na wao watalipenda. Mama yake Spika alisimama akasema hajawahi kuona mtoto wa miaka kumi na mitano akipewa watoto wa wenzake awachezee kama udongo wa kufinyangia, na kwamba anataka darasa hilo lifungwe leo hii. Nina miaka kumi na sita, lakini sikuona kama ni wakati wa kumsahihisha.

Mwalimu Mkuu akanigeukia. "Tuonyeshe unachowafundisha. Anza na cha kwanza kabisa."

Nikavua viatu, nikaenda katikati, nikasimama sifuri. Nilisimama vizuri kuliko siku zote. Watoto waliokuwa wamekaa na wazazi wao waliponiona, wakasimama nao, kwa mazoea tu, bila kuambiwa.

Kisha mama yake Spika akapiga makofi mara moja, akasema, "Jamani! Ugonjwa wenyewe si huo hapo umesimama!"

Watu wakacheka mpaka wengine wakashika mbavu. Mimi sikuelewa. Nikatazama nguo yangu, nikatazama miguu yangu. Ndipo nikaona madirisha marefu ya upande wa pili, ambayo jua likiwa nyuma ya jengo huwa kama vioo. Ndani yake nilimwona msichana ambaye bega lake la kushoto lilikuwa limepanda karibu na sikio, na kichwa kimelala juu yake, na nyuma yake kundi zima la watoto hivyo hivyo. Nilitamani ardhi ipasuke. Kwangu mimi, ninavyojisikia mwilini, nilikuwa nimenyooka kama mstari.

Mwalimu Mkuu hakucheka. Alisema angekuja mwenyewe Ijumaa alitazame darasa, ndipo aamue. Mama yake Spika akasema naye angekuja.

Njiani kurudi nyumbani Baba alitembea nyuma yangu. Nilidhani amekasirika, maana ni juzi tu aliniambia niweke akili kwenye mitihani. Tulipofika kwenye kona ya duka la rangi nikasikia sauti ya ajabu, nikageuka, nikamkuta Baba anacheka kimya kimya, machozi yanapita chini ya miwani mipya.

"Hilo bega nalijua," akasema. "Hilo bega si lako. Ni la dada yangu."

Halafu akanieleza, na alivyokuwa akinieleza na mimi nikakumbuka. Ile ofisi ya teksi uliyofanyia kazi nilipokuwa mdogo, kabla hujasafiri. Ubao wenye misumari ya kutundikia funguo, kiti kinachozunguka, na zile simu mbili. Moja ulikuwa unaishika kwa mkono. Nyingine ulikuwa unaibana kati ya sikio na bega la kushoto, huku mkono mwingine unaandika, na unamwambia mteja, "Gari liko njiani mama, dakika tano tu," wakati dereva bado anakula. Mama akiwa kazini nilikuwa nashinda na wewe chini ya kaunta, na Baba anasema nilikuwa nabana kipande cha ubao sikioni na kuwaambia madereva dakika tano. Anasema ulikuja kuwa na bega hilo hata simu ikiwa haipo. Hata siku ya harusi yake, kwenye picha, umesimama nyuma yake kama unamsikiliza mteja.

Kwa hiyo, Shangazi, watoto ishirini na sita wa shule yetu walikuwa wamesimama muhula mzima wakiwa wameshika simu yako. Nilicheka pamoja na Baba mpaka mpita njia mmoja akatupisha. Lakini nilipofika chumbani nililia kidogo pia. Nilijiuliza kama kuna kitu chochote mwilini mwangu nilichokianzisha mimi mwenyewe. Je, ni kweli alivyosema Baba? Na bega lako linauma?

Alhamisi nilikuwa na kipindi kimoja tu cha kuwanyoosha. Niliwaambia ukweli, kwamba kosa ni langu, na kwamba tunapaswa kulishusha bega kabla ya kesho. Nikajaribu kuwaonyesha sifuri iliyo sawa, lakini nikilishusha bega najihisi naanguka upande wa kulia. Wao wakalishusha, nao wakayumba. Spika akapiga kelele, "Nusu, dunia imelala!" Wakacheka, wakaanza kuangukiana. Nikapiga makofi wanyamaze, wasinyamaze. Roho ilikuwa juu juu. Niliona darasa linaniponyoka mbele ya macho yangu.

Aliyeniokoa ni Ngazi, ambaye huwa hasemi. Alisema, "Kwa nini tusilipandishe zaidi?"

Wakalipandisha. Mabega yakaenda juu mpaka yakafunika masikio. Wakatembea hivyo, wakasalimiana hivyo, wakanunua na kuuza hivyo bila kusema neno. Nikawaambia wahamie bega la kulia, kisha warudi la kushoto, kisha walipandishe taratibu na kulishusha taratibu. Na hapo, Shangazi, ndipo nilipogundua kwamba kitu unachokifanya kwa makusudi unaweza pia kukiacha kwa makusudi. Ukumbi ulijaa mji mzima wa watu wa bega moja. Wakaanza kutunga wenyewe. Wakasema mji huu upate mgeni aliyenyooka, na watu wa mji wamwone mgonjwa, wamkamate wampeleke kwa daktari. Mgeni awe Spika.

Ijumaa Mwalimu Mkuu alikaa mbele na daftari juu ya magoti. Mama yake Spika alikaa kando yake, mkoba umekumbatiwa, na wazazi wachache nyuma yao. Mimi sikuwa na la kufanya tena. Niliegemea ukuta nikawaachia ukumbi.

Wakaanza vizuri. Mji wa bega moja ukaamka, ukafungua madirisha, ukaenda sokoni. Kisha Spika akaingia, mgeni aliyenyooka. Akapiga hatua chache tu, na bega lake la kushoto likaanza kupanda lenyewe. Nililiona likipanda na moyo wangu ukashuka. Mgeni akiwa na bega kama wenyeji, kisa kimekwisha. Hakuna wa kukamatwa, na mama yake yuko pale anatazama ugonjwa ule ule.

Spika naye akaliona. Akalitazama bega lake kama anavyotazamwa mbwa aliyemfuata mtu shuleni. Akalisukuma chini kwa mkono wa kulia. Likapanda. Akalisukuma tena, akalikalia kwa kidevu, likamnyanyua kidevu. Akaligeuzia mgongo, likamfuata. Hayo yote hatukuyafanyia mazoezi, na yule mtoto ambaye hajawahi kunyamaza maishani mwake hakutoa hata pumzi ya kusikika. Wenzake walisita kidogo tu. Kisha mtu wa sokoni akaweka chini kikapu chake kisichoonekana, akaenda kumsaidia kulishusha lile bega, na la kwake likashuka. Akaja mwingine, naye la kwake likashuka. Ngazi alikuja wa mwisho, na aliponyooka, alinyooka wote, mpaka nikaona urefu wake halisi kwa mara ya kwanza.

Wazazi wa nyuma walicheka kwa sauti. Mwalimu Mkuu hakucheka na hakuandika kitu. Alifunga daftari akasema, "Jumatatu, ofisini kwangu," akatoka. Mama yake Spika alimshika mwanawe mkono wakaondoka bila kuniaga. Ila walipofika mlangoni nilimwona akizungusha bega lake, polepole, kama mtu anayejaribu koti jipya.

Sasa ndiyo nimebaki na hayo. Sijui kama lile bega la mama yake Spika pale mlangoni lilikuwa na maana yoyote. Jana sikuweza kumaliza chakula. Leo nimefua nguo ambazo zilikuwa safi. Ninachotaka ni kimoja tu, Shangazi, niachiwe watoto wale mpaka mwalimu wetu arudi, na akirudi akute darasa. Siombi zaidi ya hapo. Kwa kweli naomba zaidi ya hapo, lakini hilo la kuwa mwalimu wa mwendo wakati wa utu uzima nalifikiria taratibu, nisije nikaliogopesha likakimbia.

Naacha nafasi hapa chini. Siwezi kuituma barua ambayo haina jibu.

Jumatatu, jioni.

Shangazi, nimeitwa. Nilikuwa nimesimama nje ya ofisi tangu kabla ya kengele, na katibu wa shule aliniambia nikiendelea kutembea hivyo nitatoboa sakafu.

Mwalimu Mkuu alisema ameongea na mwalimu wetu kwa simu, na mwalimu wetu alipoambiwa habari ya bega alicheka mpaka mumewe akamnyang'anya simu, maana ameambiwa asitikisike. Darasa linaendelea. Lakini kuna masharti. La kwanza, nisisimame tena mbele ya watoto nikawa kioo peke yangu. La pili, kila kipindi lazima mtu mzima awepo ukumbini. Nikamwambia walimu wote wana vipindi saa hiyo. Akasema anajua, na mtu mzima ameshapatikana, amejitolea mwenyewe. "Anasema anataka kuona kwa macho yake."

Nadhani umeshamjua. Saluni haina wateja saa hizo za mchana.

Alikuja leo leo. Aliingia na mkoba wake, akavuta kiti kutoka ukutani, akakaa katikati ya njia ya watoto, akakunja miguu. Spika alijificha nyuma ya Ngazi. Watoto wote wakanitazama mimi, kwa sababu wote wanajua kanuni ya ukumbi ule, na walitaka kuona kama Nusu ataisema.

Nilijikaza. Nikasema, "Samahani mama. Darasani kwetu hakuna viti. Wala viatu."

Akaniangalia kuanzia kichwani mpaka miguuni. "Binti, mimi nina miaka arobaini na saba."

"Ndiyo, mama."

"Na soksi yangu imetoboka."

"Na yangu pia," akasema Spika kwa ile sauti yake, na ukumbi mzima ukacheka, na mama yake akacheka kabla hajajizuia. Akainama akavua viatu. Kidole gumba kilikuwa kinachungulia kweli. Akarudisha kiti ukutani mwenyewe, akasimama kati ya watoto, mkoba bado uko kwapani.

Nikasema, "Sifuri."

Zamani ningekwenda mbele. Safari hii nilizunguka nikaenda nyuma yao kabisa, mahali ambapo hakuna anayeniona, nikawatazama. Shangazi, sikuwahi kuwatazama. Muhula mzima walikuwa wananitazama mimi. Kumbe kila mmoja ana mgongo wake. Kuna anayesimama kama anasubiri kuitwa, kuna anayesimama kama ameshaitwa na hataki kwenda. Nikapita kati yao polepole, nikimwambia huyu apumue, huyu alegeze magoti. Nilipofika kwa mama yake Spika nilisita, kisha nikanyoosha mkono nipokee mkoba. Akanipa.

Kuhusu bega lako, nimejifunza kulishusha nikiwa darasani. Nikitembea peke yangu linapanda, na mara nyingine naliacha tu tupumzike nalo. Usikasirike kwamba nimelisema mbele ya watu. Na kama hoteli yenu ina zile simu za kuvaa kichwani, tafadhali ziombe.

Nakuomba umsalimie jirani yako anayekupikia ukiumwa, na yule mpishi wa hoteli aliyenitumia kalamu za rangi. Baba anakusalimu na anasema picha ya harusi ameitoa kabatini na ameitundika sebuleni. Mama anasema kikohozi. Mdogo wangu anapiga mluzi, ndiyo salamu yake.

Mungu akulinde kazini na njiani, akuondolee kifua hicho, akupe usingizi mzuri na akurudishe kwetu ukiwa mzima. Mimi kesho kutwa nina kipindi tena, na mama yake Spika ameshaniuliza kama anaruhusiwa kuvaa suruali.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye bila kupungua,

Nusu